Dakika 20 za kuzungumzia historia ya mashine za kilimo mbele ya klabu: nianzie wapi?

Katibu wa Klabu (Dodoma)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba msaada wa mawazo kutoka kwa wanaoifahamu historia ya zana za kilimo kuliko mimi. Klabu yetu, ambayo ni mojawapo ya klabu za Rotary, hukutana kila Alhamisi jioni kwa muda wa saa moja. Rais hugonga kengele, wageni hutambulishwa, taarifa za kamati husomwa, faini ndogondogo za waliochelewa hukusanywa kwa ajili ya mfuko wa misaada, kisha mtu mmoja hupewa dakika 20 za kuzungumza. Mara nyingi mzungumzaji huwa ni mwanachama anayewaeleza wenzake kazi anayoifanya, na desturi hiyo tunaithamini kwa sababu inatukumbusha tarehe 23 Februari 1905, siku ambayo wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu mjini Chicago, kila mmoja akiwa na shughuli yake, wakaanza kukutana kwa zamu katika ofisi za kila mmoja wao. Jina la Rotary limetokana na kuzunguka huko.

Alhamisi ya wiki ijayo zamu ni yangu. Kwa kuwa ninauza pembejeo na zana, nimeombwa nizungumzie historia ya mashine za kilimo. Jambo linalonifanya nilione zito ni kwamba mara baada ya mazungumzo hayo kikao hichohicho kitajadili ombi la kikundi cha wakulima wa wilaya ya Kongwa, wanaotaka klabu iwasaidie kupata trekta. Wanachama wengi ni watu wa benki, wa hospitali na wa ofisi, na watakachokisikia kwangu ndicho watakachokwenda nacho kwenye kura.

Nimeandika rasimu inayoanzia kwa Jethro Tull na mashine yake ya kupandia mbegu ya mwaka 1701 huko Uingereza, ikapita kwa Andrew Meikle wa Scotland na mashine ya kupura nafaka ya miaka ya 1780, kwa Cyrus McCormick aliyeonyesha mashine ya kuvunia ngano mwaka 1831 huko Virginia, kwa John Deere na plau lake la chuma cha pua la mwaka 1837 huko Illinois, hadi kwa John Froelich, ambaye mwaka 1892 huko Iowa aliunda trekta la petroli lililoweza kwenda mbele na kurudi nyuma. Nilipoisoma kwa sauti niliona ni msururu wa majina ambayo wasikilizaji watayasahau kabla chai haijapoa. Nianzie wapi, niache nini, na je, kuna uzi unaoyaunganisha hayo yote na shamba la Kongwa?

---

Fundi Mitambo (Mbarali)

Ndugu Katibu, nimetengeneza matrekta kwa miaka mingi hapa bondeni, na kama ningepewa dakika zako 20 ningechagua kitu kimoja tu, yaani ile mikono mitatu iliyo nyuma ya trekta. Mtu akielewa kwa nini mikono hiyo ipo, ameelewa sehemu kubwa ya historia ya trekta, na majina mawili au matatu ya orodha yako yataingia yenyewe mahali pake.

Matrekta ya mwanzo yalichukua nafasi ya ng'ombe bila kubadilisha kitu kingine. Plau lilifungwa nyuma kwa mnyororo au kwa ndoano, likaburutwa. Tatizo lilikuwa pale plau liliponasa kwenye jiwe au kisiki. Ng'ombe husimama, lakini injini haina habari. Magurudumu ya nyuma yaling'ang'ania ardhi, pua ya trekta ikainuka juu, na mashine nzima ikapinduka kinyumenyume na kumwangukia dereva. Watengenezaji walijaribu kulitibu tatizo hilo kwa kuongeza uzito, na uzito ukaleta ugonjwa mwingine, kwa kuwa ulishindilia udongo uleule uliotakiwa kulainishwa.

Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika familia ya wakulima huko County Down, kaskazini mwa Ireland, akawa fundi na muuzaji wa magari mjini Belfast. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliuza matrekta yaliyoitwa Overtime, ambayo kwa hakika yalikuwa Waterloo Boy za Marekani zilizopewa jina jingine kwa ajili ya soko la Uingereza. Hapo ndipo Froelich wako anapoingia, kwa sababu kampuni iliyoanzishwa kutokana na trekta lake ndiyo iliyokuja kutengeneza Waterloo Boy, na John Deere, kampuni ya lile plau la mwaka 1837, iliinunua mwaka 1918. Mwaka 1917 Ferguson alipewa na serikali kazi ya kuzunguka mashambani Ireland ili kuwasaidia wakulima wayatumie vizuri matrekta yao, na huko shambani, akiwa na mafuta mikononi, alianza kufikiri kwamba kosa halimo katika trekta peke yake wala katika plau peke yake, bali katika namna vilivyofungwa pamoja.

Jibu lake lilikuwa mikono mitatu. Miwili ya chini huvuta, na mmoja wa juu husukumwa. Plau linapokaza ardhini, mkono wa juu husukumwa kuelekea mbele, na msukumo huo huizuia pua ya trekta isiinuke, wakati huohuo uzito wa plau na wa udongo unaogeuzwa ukihamia kwenye magurudumu ya nyuma, ambako ndiko unakohitajika ili yasiteleze. Mkono huohuo wa juu hubana springi inayoamuru vali ya haidroliki, yaani mfumo wa kuinua zana kwa msukumo wa mafuta, hivyo plau likikutana na udongo mgumu huinuliwa kidogo bila dereva kugusa chochote, kisha likarudi kwenye kina chake. Kwa njia hiyo trekta jepesi, lenye nguvu za farasi 20 na kitu, liliweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji mashine nzito zaidi.

Hati ya ubunifu wake ni ya mwaka 1926. Mwaka 1938 alipeana mkono na Henry Ford bila mkataba wa maandishi, na mwaka uliofuata likatoka trekta la Ford 9N. Baada ya vita, mwaka 1946, alianza kutengeneza TE20 mjini Coventry, na hadi uzalishaji ulipofungwa mwaka 1956 yalikuwa yametoka matrekta zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 aliungana na Massey-Harris ya Kanada, na hapo ndipo tunapopata jina la Massey Ferguson, ambalo kila dereva wa mashambani kwetu analijua. Leo karibu kila trekta la shambani, la kampuni yoyote ile, lina mikono hiyo mitatu, ndiyo maana plau ulilonunua kwa trekta moja linaweza kufungwa kwenye jingine bila kuchomelea chochote.

Usisome maelezo hayo kwenye karatasi. Mwombe mwanachama mmoja asimame na kulivuta jembe la mkono kwa kamba, kisha ulikanyage jembe hilo ghafla. Watu wote ukumbini wataelewa.

---

Mwalimu Mstaafu (Kongwa)

Fundi ameeleza vizuri sana na namshukuru. Hata hivyo, Katibu, wewe unazungumza Dodoma, na kura yenu inahusu Kongwa. Huwezi kusimama mbele ya watu hao na kuitaja historia ya trekta pasipo kuutaja mradi wa karanga, kwa sababu hakuna mahali Afrika Mashariki palipowahi kupelekewa mashine nyingi kiasi kile kwa haraka kiasi kile.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, aliipelekea serikali yake wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mitambo. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulifanya ziara ya wiki chache na kupendekeza kusafishwa kwa zaidi ya ekari 3,000,000, sehemu kubwa ikiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa gharama ya takriban pauni 25,000,000 katika miaka sita. Mwaka wa kwanza peke yake zilikusudiwa ekari 150,000 hapa kwetu.

Sasa zingatia mashine zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye somo la kikao chenu. Viwanda vya Uingereza na Marekani havikuwa na matrekta ya kutosha mara tu baada ya vita, hivyo yalinunuliwa yaliyotumika, yakiwemo mabaki ya majeshi yaliyotoka hadi Ufilipino na Misri. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ilivigeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta mawili ili iburutwe na kuangusha vichaka. Mashine hizo zilifika katika nchi ambayo hakuna aliyekuwa amepima mvua yake kwa miaka ya kutosha. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao kiangazi hukauka ukawa kama sakafu ya saruji, na chembechembe za mchanga zilizomo ndani yake hula chuma kama msasa. Mizizi ya vichaka iliyosukana chini ya ardhi ilivunja na kupinda meno ya mitambo. Mafundi walikuwa wachache na vipuri havikulingana na aina nyingi za mashine zilizookotwa huku na kule, kiasi kwamba kabla mwaka 1947 haujaisha zaidi ya nusu ya matrekta yalikuwa yamelala karakanani. Ekari zilizokuwa tayari mwishoni mwa mwaka huo hazikufika 10,000.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ilipita pauni 36,000,000. Bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake bado tunayo, lakini reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960. Hapa Kongwa mashamba yaligeuzwa kuwa ranchi, ambayo ipo hadi leo.

Marehemu baba yangu aliingia katika mradi huo akiwa kijana, kazi yake ikiwa ni kubeba madumu ya mafuta na kumpelekea fundi spana. Hakuna aliyemwandikisha shuleni. Alitazama, akashika, akajua. Mradi ulipofungwa, wageni walipoondoka na mashine zikauzwa au kuachwa, yeye alirudi kijijini na ujuzi wa kufungua injini, na kwa miaka zaidi ya 20 alitengeneza malori na mashine za kusaga katika vijiji vya hapa. Nilisomeshwa kwa fedha hizo. Ninapofikiria ombi la kikundi hicho cha wakulima ninamfikiria yeye, kisha ninajiuliza kama kuna kijana yeyote aliyepangiwa kusimama karibu na fundi wa trekta lenu na kumpelekea spana.

---

Msomaji wa Same

Shikamoo Mwalimu. Naongeza jambo dogo tu kwa Katibu.

Usianzie mwaka 1701. Karne nyingi kabla ya hapo wahunzi wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe. Kwetu Upare kazi ya uhunzi ilishikwa na ukoo wa Washana, na chuma cha Upare kilikuwa bidhaa iliyovuka hadi kwa Wachaga. Ufipa walijenga tanuri za udongo zilizozidi kimo cha mtu. Majembe ya Warongo, upande wa kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, yalibebwa mabegani hadi Unyamwezi na kwingineko, yakatumika kama fedha na kama mahari. Ingefaa wanachama wajue kwamba yule mkulima wanayemwita wa jembe la mkono anarithi ufundi uliokuwa na wataalamu wake, masoko yake na heshima yake, na kwamba majembe ya viwandani kutoka nje yalipoingia kwa bei ya chini ndipo tanuri hizo zilipozimika moja baada ya nyingine. Baada ya Uhuru tulirudi kutengeneza wenyewe katika kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China.

Jambo la pili ni maksai. Watu hujiuliza kwa nini plau la ng'ombe lilishamiri Usukumani, Mbulu na Teso ya Uganda tangu enzi za ukoloni huku maeneo mengine yakibaki na jembe la mkono. Mbung'o ndio waliochora sehemu kubwa ya ramani hiyo, kwa kuwa palipo na mbung'o ng'ombe hawakai. Hata neno ekari lina harufu ya ng'ombe: kipimo chenyewe huko Uingereza ya kale kilikuwa eneo ambalo jozi ya maksai iliweza kulilima kwa siku moja.

---

Mama Shamba (Babati)

Kaka Katibu, Mwalimu na ndugu wengine, nimewasoma kwa makini na nimejifunza mengi, lakini kuna mtu ambaye hamjamtaja hata mmoja wenu, naye ni yule anayepalilia.

Mimi nimekulia katika nyumba yenye maksai. Kabla baba hajanunua plau, familia yetu ililima ekari mbili kwa jembe la mkono. Aliponunua tulilima sita. Kila mtu alimpongeza, na ni kweli chakula kiliongezeka. Hata hivyo plau lilipomaliza kazi yake katika wiki ya kwanza ya mvua lilirudishwa na kuegemezwa ukutani, na zile ekari sita zikapaliliwa na mama na sisi binti zake watatu, kwa majembe yaleyale tuliyopalilia ekari mbili. Palizi ya pili ilitukuta hatujamaliza ya kwanza. Ninyi wanaume mkisimulia historia ya mashine husimulia kulima, kwa kuwa kulima ndiko kulikopata mashine mapema. Trekta litakapofika kwa wakulima hao wa Kongwa litafungua ekari nyingi zaidi, na ni lazima mtu aulize kikaoni, kabla ya kura, ni mikono ya nani itakayozipalilia.

Mashine ambayo mama yangu aliikumbuka kwa furaha hadi uzeeni ni mashine ya kusaga. Kabla yake alitwanga kwa mchi na kusaga kwenye jiwe, usiku, baada ya kazi zote. Ile ya kijijini kwetu iliendeshwa na injini ya Lister, zile za dizeli zenye gurudumu zito la pembeni na mlio wa polepole unaosikika kilomita nyingi asubuhi. Lister walikuwa watengenezaji wa Dursley, Uingereza, na injini ya namna ile walianza kuiuza mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba mafundi wa Rajkot huko India waliinakili na kuendelea kuitengeneza, na nyingi zilizofika Afrika Mashariki baadaye zilitoka huko. Ilizunguka taratibu, ilikuwa na sehemu chache, na fundi wa kijiji aliweza kuifungua chini ya mwembe. Naomba uipe nafasi katika dakika zako 20, Kaka, hata kama ni dakika mbili.

Jirani yetu, upande wa Hanang, tuna historia nyingine ya mashine kubwa. Tangu miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada, yenye makumi ya maelfu ya ekari, matrekta makubwa na mashine za kuvunia zinazokata, kupura na kupepeta kwa pamoja. Ngano ilipatikana kweli, na vijana wengi walijifunza udereva na ufundi. Lakini ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na madai yao yalifika hadi Mahakama ya Rufani. Mashine pana hudai shamba pana, na shamba pana haliokotwi, lina wenyewe.

---

Katibu wa Klabu (Dodoma)

Nimeguswa na majibu haya kuliko nilivyotarajia, na rasimu ya awali nimekwishaiweka kando. Mwalimu, pokea pole zangu kwa kuondokewa na mzee, na asante kwa kutusimulia habari zake. Dada wa Babati, umesema kweli: katika kurasa zangu saba neno palizi halikuwemo hata mara moja.

Naomba niulize waziwazi ili nisiwapotoshe wenzangu. Je, mnanishauri niwaambie wanachama walikatae ombi la trekta? Wakulima hao wameomba kwa adabu, wana shida ya kweli, na msimu wa Kongwa ni mfupi. Anayechelewa kupanda huvuna mabua.

---

Fundi Mitambo (Mbarali)

Hapana, Katibu, sishauri hivyo. Trekta limenilisha na limeisomesha familia yangu, siwezi kumnyima mwingine. Ninachoshauri ni kwamba klabu iulize maswali ambayo mwaka 1947 hayakuulizwa, na iyaulize kwa wakulima wenyewe.

La kwanza ni vipuri. Mnunue aina ambayo tayari inafanya kazi katika wilaya hiyo, na ambayo chujio, klachi na bomba za haidroliki zake zinapatikana Dodoma mjini ndani ya siku moja. Nimeona matrekta mazuri yakilala msimu mzima kwa sababu ya sili moja ndogo, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje. Msishawishike na bei ya chini ya aina ambayo hakuna fundi wa karibu anayeijua. Kituo cha CAMARTEC kule Arusha, kilichoundwa mwaka 1981, kazi yake ni kuzijaribu na kuzibuni zana kwa mazingira yetu, nanyi mnaweza kuwaandikia mkaomba ushauri kabla ya kununua.

La pili ni udongo. Mwalimu amekwishasema ulivyo. Plau la sahani likipita kila mwaka kwa kina kilekile huacha chini yake tabaka gumu ambalo maji na mizizi havipenyi, na katika nchi ya mvua chache hiyo ni hasara kubwa. Ripa, ambayo hupasua mstari wa kupandia tu na kuacha udongo mwingine bila kugeuzwa, inaweza kuwafaa zaidi, nayo huvutwa hata na maksai. Wenzetu wa Magoye huko Zambia waliibuni ripa ya ng'ombe ambayo imeenea hadi kwetu. Pawatila, yaani vitrekta vya magurudumu mawili vinavyoongozwa kwa mikono, ambazo hapa Mbarali zinafanya kazi nzuri kwenye majaruba ya mpunga, sizipendekezi Kongwa, kwa kuwa ni nyepesi mno kwa udongo mkavu na humchosha sana anayezishika.

La tatu limetoka kwa Mama Shamba, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nisingelifikiria. Zipo zana za palizi za kukokotwa na maksai au punda, na punda Dodoma si haba. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya trekta. Kama klabu itatoa trekta, basi itoe na zana hizo katika ombi hilohilo, si mwaka unaofuata.

La mwisho ni kazi ya trekta baada ya kulima. Msimu wa kulima Kongwa ni wa wiki chache. Likisimama miezi iliyobaki, halitaweza kulipia mafuta wala matengenezo yake. Tela, na mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa na trekta hilohilo, ndizo zitakazoliwezesha kuishi.

---

Mwalimu Mstaafu (Kongwa)

Naafikiana na Fundi katika yote. Ongeza la tano: vijana wawili, na mmoja wao awe msichana, wapelekwe wakajifunze ufundi kabla trekta halijafika.

---

Katibu wa Klabu (Dodoma)

Ndugu zangu, narudi kutoa taarifa, kwa kuwa nilikula muda wenu.

Nilianza na jembe la Upare, nikamwita mhasibu wetu alivute lile la mkono kwa kamba, nikalikanyaga, naye nusura aanguke. Kuanzia hapo hadi mwisho hakuna aliyetazama simu. Mikono mitatu ya Ferguson ilinichukua dakika saba, mradi wa karanga dakika sita, na mashine ya kusaga ikanipa mshangao, kwa sababu wanachama watatu walisimama kusimulia mlio wa mashine za vijijini kwao na rais akalazimika kugonga kengele. Tull, Meikle na McCormick hawakupata nafasi.

Ombi halikupigiwa kura. Daktari mmoja, mama mtu mzima ambaye kwa kawaida huwa kimya, alisema hawezi kuamua juu ya shamba ambalo hajalikanyaga, na kikao kikakubali kuahirisha kwa wiki mbili. Wajumbe wanne, mimi nikiwa mmojawapo, tutakwenda Kongwa Jumamosi hii kuzungumza na kikundi, wanaume na wanawake kwa nafasi tofauti, na Mwalimu amekubali kutupokea na kutuonyesha yalikokuwa mashamba ya karanga. Tumeandaa karatasi ya maswali, na daktari ndiye aliyeandika la kwanza, kwa mkono wake: mwaka jana mlimaliza palizi ya kwanza tarehe ngapi, na ni nani waliopalilia?

Fundi, kama una picha ya sili zile zinazoharibika mara kwa mara, naomba unitumie kabla ya Ijumaa jioni, ili nipite madukani mjini nione ni wangapi wanaoziuza.